Nyumba ya Mwendo wa Siku Moja

“Dakika kumi na tano! Kumi na tano tu, jamani!” Konda anapiga ubavu wa basi kwa kiganja, na abiria wanamwagika nje kama maji ya mfongo uliozibuliwa. Tuko Mombo, chini ya milima ya Usambara, siku tatu kabla ya Krismasi, na karibu kila mtu ndani ya basi hili anapanda nyumbani: Rombo, Marangu, Kibosho, Machame. Mimi nakwenda Kilema. Wa kuchimba dawa wanakimbilia nyuma ya jengo, wenye njaa wanakimbilia kaunta ya chipsi na kuku. Dereva peke yake hana haraka. Anatembea taratibu hadi kwenye kona yake, penye meza ya kitambaa, ambako wali umeshapakuliwa na kufunikwa. Akimaliza atanawa mikono na kuondoka bila kuulizwa bili.

Nimepita njia hii kila Desemba kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu niliamini hoteli za mabasi hazina ramani, zimemea tu kando ya lami kama uyoga. Safari hii nilikuwa nimefungashiwa chakula nyumbani, kwa hiyo nikapata nafasi ya kusimama uwanjani na kutazama. Kiwanja ni kikubwa kuliko jengo mara tatu. Basi linaingia upande mmoja na kutokea mwingine, maana dude la urefu ule halitaki kurudi kinyumenyume katikati ya watoto na wauza korosho. Kaunta ni ndefu na nyembamba, ili watu hamsini wachukue sahani kwa mkupuo. Ukitoka chooni huwezi kurudi kwenye basi bila kupita mbele ya jokofu la soda. Na ile kona ya dereva ina dirisha, na dirisha lenyewe linaangalia basi.

Fundi aliyepima pale hakuanza na mgeni. Alianza na gari, akaja kwa anayeliendesha, na sisi abiria tukatiwa katika nafasi iliyobaki. Jirani yangu wa kiti alipanda na paja la kuku mkononi, akalimalizia Same.

Waingereza walikuwa na nyumba za namna hii kabla lami haijajulikana. Enzi hizo safari ndefu ilikuwa ya gari la kukokotwa na farasi wanne, na farasi anayekimbia hachukui muda mrefu kuchoka. Kila baada ya kilomita 16 hivi, pengine zaidi kidogo kama njia ni tambarare, ilibidi wafunguliwe na kufungwa wengine. Kwa hiyo barabara kuu za Uingereza zikapandwa nyumba za wageni kwa mapigo hayo, kama vigingi vya uzio. Mwaka 1784 John Palmer, mtu wa mji wa Bath, alipopata ruhusa ya kujaribu kusafirisha barua kwa magari ya farasi, gari la kwanza liliondoka Bristol saa kumi jioni na kuingia London saa mbili asubuhi. Saa kumi na sita, usiku kucha, na farasi wakibadilishwa njia nzima. Abiria walikuwa walewale. Aliyepumzishwa ni mnyama.

Ukijua hilo, jengo zima linasomeka. London imebakiwa na nyumba moja tu ya aina ile yenye roshani za mbao zinazotazama uani. Inaitwa George, iko Southwark, kusini ya mto Thames, na iliyopo sasa ilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1676. Binamu yangu anayeishi huko alinipeleka jioni moja. Ukiwa barabarani huioni. Unaona uchochoro wa kuingilia, na ukishaupita ndipo ua unafunguka mbele yako, na upande mmoja umesimama ule mjengo mrefu mwembamba, mbao zake zimelala kidogo kama mzee anayeegemea fimbo. Lango la nyumba kama hizi lilipimwa kwa kimo cha gari likiwa na watu na mizigo juu ya paa. Ua ulipimwa kwa mzunguko wa farasi wanne. Mabanda ya farasi yalikaa nyuma kabisa, na mara nyingi yalichukua eneo kubwa kuliko vyumba vya watu. Vyumba vyenyewe vilipangwa kwa safu, kila mlango ukitokea kwenye roshani, kwa sababu mgeni anayeamshwa alfajiri kuwahi gari hana haja ya sebule. Anahitaji mlango, ngazi na sauti ya mtu anayempigia kelele kutoka chini.

Kisha likaja treni, mnyama asiyechoka kila kilomita 16. Kufikia miaka ya 1840 magari ya farasi yalikuwa yanatoweka kwenye barabara kuu moja baada ya jingine, na nyumba zake zikageuka maghala, vilabu vya pombe, au vifusi. George yenyewe iliangukia mikononi mwa kampuni ya reli. Mwaka 1889 kampuni ikabomoa pande mbili za roshani, ikabaki upande mmoja wa kusini, ambao tangu mwaka 1937 unatunzwa na shirika la kuhifadhi majengo ya kale la huko. Niliagiza soda, nikahesabu milango ya roshani, nikacheka peke yangu. Binamu akauliza kulikoni. Nikamwambia, dada, hii ni gesti.

Namaanisha gesti za karibu na stendi ya Moshi, zile tulizolala sote tukichelewa gari la kupanda milimani. Geti kubwa la bati lililopakwa rangi ya bluu, na ndani ya geti kuna mlango mdogo ambao lazima uiname kuupita. Ua wa saruji. Vyumba safu mbili vinatazamana, kila kimoja na mlango wake wa nje, namba zimeandikwa kwa brashi, namba 7 imepinda. Mbele, upande wa barabara, baa na jiko la mishikaki, kwa sababu baa ndiyo inayolipa umeme. Uani kuna Fuso la mahindi na Noah mbili, na mlinzi amelala kwenye kiti akiwa ameyapa mgongo milango ya wageni na uso magari. Saa kumi na moja alfajiri anapita akigonga kwa kirungu: “Namba nne, wa Rombo! Namba nne!” Hakuna mchoraji aliyewahi kupelekwa Southwark kujifunza hayo. Lakini ukimpa fundi barabara ileile na uchovu uleule, atakujengea nyumba ileile.

Huku kwetu, kabla ya gurudumu lolote kufika, aliyekuwa anachoka ni bega. Hatukuwa na farasi, na mbung’o alihakikisha hilo katika sehemu kubwa ya nchi; mzigo ulisafiri juu ya mtu. Pale Bagamoyo jengo la Caravanserai bado lipo, ua mpana wenye nyumba katikati, mahali ambapo misafara ya bara ilikusanyika na kutawanyika. Taveta, kwenye njia ya mguu ya kutoka Mombasa na karibu kabisa na miguu ya mlima wetu, Kilimanjaro, ilikuwa kambi kubwa ya kupumzikia ndani ya msitu mnene. Kuingia kulikuwa kwa vijia vyembamba vilivyozibwa kwa magogo, na ndani wafanyabiashara wa pwani walijenga vibanda vyao wakakaa wiki na hata miezi, wakinunua ndizi na kusubiri habari za njiani. Lango, ua, vyumba, ulinzi wa mali. Msitu ndio ulikuwa ukuta.

Na Kilema? Mwezi Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika hapa kutoka Rabai, karibu na Mombasa, akiongozwa na Bwana Kheri, msafiri mzoefu wa misafara ya pwani. Siku chache kabla, tarehe 11 Mei, alikuwa ameona kitu cheupe juu ya mlima, na wasomi wa Ulaya wangemkejeli kwa miaka kwa kusema ni theluji. Aliyempokea Kilema ni mtawala wake, Mangi Masaki. Hapakuwa na nyumba ya wageni yenye kibao, kwa kuwa mwenye nyumba ya wageni alikuwa Mangi mwenyewe. Mgeni alipokewa, akachinjiwa, akapewa ulinzi, na bili ikaja kwa jina la zawadi. Hongo ya zamani hiyo, kabla neno halijachafuka. Rebmann alikuja kuijua vizuri mwaka uliofuata kule Machame, kwa Mangi Mamkinga, ambako ukarimu ulimmaliza: nguo na shanga alizotegemea zimfikishe Unyamwezi zilichukuliwa kidogo kidogo, akarudi pwani mikono mitupu. Sijawahi kusoma malalamiko ya mgeni wa hoteli yaliyozidi hayo.

Nyumba aliyoikuta mgeni wa karne ile kwenye vihamba vya upande huu ni msonge, na nitausema kidogo kwa sababu tutauhitaji baadaye. Hauna ukuta. Nyasi zinaanzia kileleni na kushuka moja kwa moja hadi ardhini, kama mtu aliyejifunika blanketi zito mpaka miguuni. Mvua ya masika, ambayo hapa haina mzaha, inateleza na kwenda zake. Ndani kuna giza, moshi, figa tatu, ng’ombe upande wao na watu upande wao, na joto la ng’ombe linalipia nyasi alizokula. Mlango mmoja, mfupi, wa kuingilia umeinama.

Mwaka 1890 Mapadri wa Roho Mtakatifu, Askofu de Courmont na Padri Alexandre Le Roy miongoni mwao, walipanda kutoka pwani wakaanzisha hapa, kwa Mangi Fumba, misheni ya kwanza ya Kikatoliki Kilimanjaro. Ndipo Kilema ikapata mawe yaliyochongwa, na pia kahawa, kwa maana misheni hii inahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa zao hilo mlimani. Vitanda vya misheni vikawa vitanda vya wapita njia. Atakayetaka kusimuliwa juu ya usanifu wa makanisa aje Jumapili, mapadri watamweleza vizuri kuliko mimi. Treni la kutoka Tanga lilipofika Moshi mwaka 1911 lilijenga mji mpya kule chini, tambarare, mbali na Moshi ya zamani ya mlimani, na tangu hapo mgeni akalala chini. Wakulima wa kahawa waliosimamisha chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 walikuja kuinua jengo lao mjini mwanzoni mwa miaka ya 1950: ofisi chini, vyumba vya kulala juu, katika mji wa kikoloni ambao vitanda vyake vizuri havikutandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka kihambani. Kwangu mimi hilo ni jengo muhimu kuliko kituo cha reli. Lakini sikukusudia kubaki mjini.

Nilitaka tupande, kwa sababu juu ya vihamba vya Kilema na Marangu kuna nyumba za wageni ambazo treni halikuziua na lami haitaziua.

Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni mwa Kibo. Meyer alikuwa amekwisha kushindwa kabla, na sehemu ya kilichomshinda ni chakula: mtu akipanda na mahitaji yake yote mgongoni, anashuka yanapokwisha. Safari hii alipanga kambi kwa ngazi. Mahitaji yakapandishwa kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle, kambi hadi kambi, mara kwa mara. Katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alibaki pamoja nao Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa minazi na dagaa, kwenye ukavu na baridi ile, wiki mbili hivi, akilinda moto na hema wakati wenzake wawili wanajaribu barafu. Vitabu vinamtaja kwa mstari mmoja au miwili. Mimi namhesabu kuwa ndiye mwenye hoteli wa kwanza wa mlima huu.

Kambi zile zikaja kuwa majengo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga vibanda viwili vya kulala wapandaji, cha chini wakakiita Bismarck na cha juu wakakiita Peters, jina la mtu ambaye kuanzia mwaka 1891 alitawala kituo cha Kilimanjaro kwa kitanzi, akawanyonga mtumishi wake wa kiume na suria wake, hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Leo ni Mandara na Horombo, majina ya mamangi, Rindi Mandara wa Moshi na Horombo wa Keni kule Rombo. Cha tatu, Kibo, kilikuja miaka ya 1930.

Sasa tazama namba zilizoandikwa kwenye vibao vya hifadhi. Mandara mita 2,720. Horombo mita 3,720. Kibo mita 4,720. Kila nyumba imekaa mita elfu moja juu ya mwenzake. Ukizipima kwa umbali hazilingani. Kutoka Mandara hadi Horombo ni kilomita kama kumi na moja, nyingine pungufu. Kinachopimwa hapa ni kimo. Anayechoka njia hii ni pafu, na pafu halibadilishwi uani kama farasi. Linalazwa, linazoea hewa nyembamba, kesho linasogezwa. Ukiliharakisha linajaa maji, na ubongo nao huvimba.

Vibanda vya Mandara na Horombo vya sasa vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei, wakati Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inaanzishwa. Ni vya mbao, na umbo lake ni pembetatu iliyosimama: paa linaanzia juu na kushuka mpaka karibu na ardhi, bila ukuta wa pembeni. Mara ya kwanza kuviona nilidhani ni ushamba wa Kizungu. Nililala kimojawapo. Vitanda vinne, viwili pembeni, kimoja nyuma na cha nne juu ya hicho, magodoro yaliyofunikwa kwa plastiki, ubao unanukia mvua na soksi. Usiku manyunyu yakapiga juu ya kichwa changu, nikasikia maji yakiteleza na kwenda zake. Nikatoa mkono nikagusa paa nikiwa nimelala, kama nilivyokuwa nikigusa nyasi kwa bibi yangu utotoni. Msonge huu. Umekatwa kona na kutolewa ng’ombe, basi.

Kibo ni habari nyingine. Ni jengo la mawe, mabweni ya vitanda kumi na viwili hivi kila moja, na halina maji. Kila tone linapandishwa kutoka chini kwa kichwa cha mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa huku. Hakuna anayepapenda. Wala hapakujengwa papendwe: mgeni anafika mchana, anajilaza bila usingizi, na kabla ya saa sita za usiku anaamshwa apande. Roshani ya George, mlinzi wa gesti na kirungu chake, mhudumu wa Kibo na tochi yake, wote wanafanya kazi moja ya kumwamsha mtu asiyetaka.

Kila mara anajitokeza mtu wa kutaka kufupisha. Mwaka 2019 Serikali iliposema inafikiria kebokaa ya kupandisha watalii, wagumu na waongoza watalii walipinga, na hofu yao ilikuwa ile ya wenye nyumba za farasi walipoona moshi wa treni kwa mbali. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, na sasa unaweza kumpigia mama kwa video ukiwa umevaa kofia ya sufu. Habari inapanda kwa sekunde. Pafu bado ni siku tano.

Tena gari lipo, hilo ndilo linalonichekesha. Kutoka Kilema kuna njia inayopanda kupita msituni hadi Horombo, na Land Cruiser inaipita. Siku hizi hata wa baiskeli wanapanda nayo. Ingekuwa ni suala la injini tu, mgeni angekunywa chai hapa parokiani na kula chakula cha mchana mita 3,720. Lakini anayekwenda kileleni kwa miguu anaingilia geti la Marangu, kwa jirani, na gari la Kilema linafanya kazi ya mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Linapandisha mahitaji, linashusha walioshindwa. Huko juu zaidi, ambako halifiki, mgonjwa anafungwa kwenye machela ya gurudumu moja, na wagumu wanaikimbiza mtelemko kwa zamu, mmoja mbele, wengine pembeni, wakiita mawe kwa majina ya matusi.

Siku ya pili ya Krismasi tulikaa kwa shemeji, nje, mbege ikizunguka kwenye kata, watoto wamelala. Kama saa nne usiku taa zikashuka kutoka juu, zikapita kwenye migomba, zikamulika ng’ombe, zikamulika masale ya mpakani. Gari lilikwenda taratibu kwenye makorongo, mbele kumekaa mtu amefunikwa blanketi mpaka kidevuni.

“Shikamoo, mzee,” shemeji akamwamkia dereva lilipopunguza mwendo. “Amezidiwa?”

“Marahaba. Kichwa na kutapika. Wakifika hapa chini wanapona wenyewe, utaona.”

Yule mgeni akatoa mkono kwenye blanketi akatupungia. Asubuhi gari lilelile likapanda tena, limepakia mitungi ya gesi, magunia ya karoti na kreti za soda hadi darini. Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kilikuwa kitupu.